Sema Kinachokuwasha Kabla ya Kuwekewa Goti la Chuma

(Hotuba niliyoitoa mjini Moshi, kwenye mkutano wa wastaafu na familia zao. Naiweka nzima kwa ajili ya ambao hawakufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Wagonjwa ninaowasimulia nimewabadilishia mambo kadhaa ili wasitambulike.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, baba zangu, mama zangu, ndugu mliotoka Uru, Kibosho, Old Moshi na Machame, na ninyi wa hapa mjini: shikamooni. Vijana mliowasindikiza wazazi wenu, hamjambo?

Naomba nianze na akina mama. Wangapi mmewahi kununua hereni nzuri kule soko la Memorial, mkazivaa Jumapili kanisani, kufika Jumatatu sikio linawasha, Jumanne linatoa maji? Nyoosheni mikono, msione haya. Naam, naiona, na ni mingi. Akina baba, wangapi mna doa jeusi linalowasha hapa chini ya kitovu, pale bizimu ya mkanda au kifungo cha suruali ya jinzi kinapogusa ngozi? Asanteni.

Sasa swali la pili. Ninyi mlionyoosha mikono, wangapi mmewahi kumwambia daktari yeyote jambo hilo?

Mnaona? Mikono yote imeshuka. Hicho ndicho kilichonileta.

Mimi ni daktari wa ngozi. Najua Mwenyekiti alipotangaza kwamba leo tunazungumzia magoti na nyonga za kuwekewa, wengi mlimtarajia daktari wa mifupa. Daktari wa mifupa mtampata, na yeye ndiye atakayeshika kisu. Ila kuna habari moja anayoihitaji kabla hajakishika, na habari hiyo mnayo ninyi. Haipo kwenye eksirei. Ipo sikioni, kiunoni, kwenye kifundo cha mkono uliovaa saa. Msipoisema, hana pa kuisoma.

Tuanze na chuma chenyewe. Mambo haya si ya jana. Mwaka 1962, nchini Uingereza, daktari John Charnley alianza kuwawekea wagonjwa nyonga ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na nyonga nyingi za leo ni watoto na wajukuu wa kazi ile. Goti bandia nalo, kwa kawaida, lina sehemu tatu. Ya juu inafunika ncha ya mfupa wa paja. Hiyo mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromi, na kromi peke yake ni kati ya asilimia 27 na 30. Nikeli, ile ya hereni na bizimu zinazowasha, imo humo kidogo, chini ya asilimia 1. Ya chini inakaa juu ya mfupa wa mguu. Hiyo ni titani au mchanganyiko uleule wa kobalti. Katikati kuna plastiki ngumu inayoteleza. Vyote hivyo, mara nyingi, hushikizwa kwa simenti ya mifupa, ambayo si hii ya kujengea nyumba.

Vyuma vya kuungia mifupa iliyovunjika, vile wanavyowekewa vijana wetu wa bodaboda, ni habari nyingine. Vingi ni chuma kisichoshika kutu, na nikeli ndani yake hufika asilimia 10 hadi 15.

Mtu atauliza: daktari, kama hakishiki kutu, kinadhuru nini? Mwili una maji na chumvi. Chuma chochote kikikaa humo, na kikisuguliwa kila unapopiga hatua, huachia chembe ndogo sana za madini. Chembe hizo hujishika kwenye protini za mwili, na askari wa kinga wanapopita wanaona kitu wasichokielewa. Kwa watu wengi sana hakuna linalotokea. Kwa wachache, wale ambao askari wao walishagombana na madini hayo zamani, kesi inafunguliwa upya.

Kinga ya mwili inakumbuka kama mzee wa Kichagga anavyokumbuka mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Anaweza kukaa miaka thelathini bila kusema neno. Siku jirani akivusha jembe upande wa pili wa masale, mimea ya mpakani, anasimama, anataja mwaka, anataja shahidi. Hereni ulizovaa ukiwa msichana wa darasa la sita, sikio likaoza, ukazitupa, mwili wako haujazisahau.

Sasa nije kwenye jambo la kwanza, ambalo ningependa mlibebe hata kama mengine yatawatoka: sema kabla ya kisu.

Nawasimulia fundi mmoja. Fundi mwashi, mtu wa makamo, amejenga nyumba huko Himo na Marangu zaidi ya anazoweza kuhesabu. Nyonga yake imekwisha. Anatembea ameinamia upande mmoja, usiku halali. Anafika hospitali, anapangiwa operesheni, anaulizwa maswali ya fomu. Una kisukari? Hapana. Una presha? Kidogo. Una aleji ya dawa? Hapana. Inaandikwa: aleji, hakuna.

Je, fundi alidanganya? Hakudanganya. Aliulizwa kuhusu dawa, akajibu kuhusu dawa.

Jioni, muuguzi anamfunga utepe wa jina. Anamshika mkono, halafu anaugeuza kiganja juu. Ngozi ya vidole ni nene kama ya kisigino, imepasuka kwenye kila kiungo cha kidole, na kwenye nyufa kuna damu iliyokauka. Katikati ya vidole ngozi imekuwa nyeusi ya kijivu. Muuguzi anauliza, "Baba, mikono hii imefanywa na nini?" Fundi anacheka. "Simenti, mwanangu. Nikipumzika mwezi mzima inapona. Nikishika zege, siku mbili tu imerudi."

Nataka mlisikie jibu hilo vizuri. Nikipumzika inapona, nikishika zege inarudi. Hiyo ni aleji, na mgonjwa ameieleza kuliko ambavyo mimi ningeieleza darasani. Simenti mbichi ina kromi, ya aina inayoyeyuka kwenye maji, na kromi hiyo ni adui mkubwa wa mikono ya mafundi dunia nzima. Ulaya waliona jambo hili likiumiza wafanyakazi, na tangu mwaka 2005 simenti inayouzwa huko haitakiwi kuzidi kiwango kidogo sana cha kromi hiyo. Ngozi ya viatu na makubadhi nayo mara nyingi hulainishwa kwa kromi, ndiyo maana wengine huota vipele juu ya nyayo pale mkanda unapopita.

Muuguzi yule hakunyamaza. Alimfuata daktari, operesheni ikaahirishwa, fundi akaletwa kwetu, tukampima. Kromi ilimkataa waziwazi. Kwa nyonga, bahati nzuri, njia zipo: mhimili wa titani, kichwa cha kauri, kikombe chenye plastiki. Kromi haimo. Ndivyo alivyowekewa, na leo anasimamia vijana wake akiwa amesimama wima, mikono mfukoni, zege wanalishika wao.

Wote tuna deni kwa muuguzi yule. Lakini hamtakutana naye kila siku. Wodi zimejaa, muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi. Kwa hiyo usingoje kugeuzwa kiganja. Ukiulizwa kama una aleji ya dawa, jibu, halafu endelea mwenyewe: "Sina ya dawa, ila hereni za bei rahisi zinanioza sikio. Saa ya chuma inaniwasha. Simenti inanipasua mikono. Plasta ikikaa siku mbili inaniachia malengelenge." Sema hata usipoulizwa. Sema hata daktari akionekana ana haraka. Sema, na uombe iandikwe.

Jambo la pili linakwenda upande mwingine, na nalisema kwa uzito uleule, maana nawajua watu wetu: ukiwaonya jambo moja wanalikimbia moja kwa moja. Kuwashwa na hereni si hukumu ya kukunyima goti jipya.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu. Miguu yake ilikuwa imepinda magotini, kushuka kwenda sokoni Kiborloni ni safari ya kupumzika kila mita hamsini. Watoto wamechanga, bima imekubali, tarehe imepangwa. Akasikia kwa mtu, na mtu alisikia kwa mtu, kwamba mwenye aleji ya chuma akiwekewa goti mguu unaoza, unakatwa. Akakumbuka hereni zake. Akavunja miadi. Hakumwambia yeyote sababu. Alisema tu Mungu hajapenda. Alikaa na fimbo miaka mingi, halafu na fimbo mbili, mwishoni akawa analetewa chakula kitandani.

Mwalimu huyu alikuwa na kiasi gani cha hatari? Ulaya, ambako nikeli imepimwa sana, zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi ana aleji nayo kwenye ngozi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume kwa sababu ya kutoboa masikio. Kama kila mmoja wao angekataliwa na goti au nyonga, hospitali za huko zisingefanya kazi nyingine. Hilo halitokei. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walilinganisha watu waliowahi kupimwa aleji ya ngozi na daftari la taifa la nyonga bandia. Wenye aleji ya madini hawakuonekana kurudishwa kwenye kisu zaidi ya wengine. Ngozi na kiungo cha ndani havifanani. Askari waliojaa juu ya ngozi si wengi hivyo huko ndani. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba aleji ya kweli inayoharibu goti au nyonga humpata chini ya mtu mmoja kati ya mia wanaowekewa.

Basi kwa nini nawasumbua mseme? Kwa sababu huyo mmoja ni mama wa mtu. Na kwa sababu daktari akijua mapema anaweza kuchagua. Kwa nyonga nimeshasema. Kwa goti kuna yenye uso wa zirkoni iliyogeuzwa ngumu kama kauri, kuna yaliyopakwa tabaka la kuzuia madini yasitoke, kuna ya titani. Hayapatikani kila mahali, mengine huagizwa, na bei yake iko juu. Lakini kinachoweza kuagizwa kabla ya operesheni hakiwezi kuagizwa ukiwa umelala mezani. Na daktari anaweza pia kukupima, akaona aleji yako ni ndogo, akakwambia kwa uaminifu kwamba goti la kawaida litakufaa. Mwalimu yule ndivyo ilivyokuwa, alipokubali hatimaye kuzungumza. Aliwekewa la kawaida. Anashuka Kiborloni.

Nieleze kipimo chenyewe, maana wengi hukiogopa bure. Hakina sindano. Ni cha zamani. Daktari Josef Jadassohn wa Ujerumani alikieleza mwaka 1895. Tunabandika mgongoni vibandiko vyenye vijisahani vidogo, kila kimoja na kitu chake: nikeli, kobalti, kromi na vinginevyo. Unakaa navyo siku mbili. Tunavitoa, tunasoma, unarudi siku ya nne tunasoma tena, na kwa madini wakati mwingine tunakuomba urudi hata siku ya saba, maana aleji hii haina haraka. Siku hizo mgongo usilowe, kwa hiyo unaoga kwa kujipangusa. Usilime, jasho litavibandua. Kama unatumia prednisolone, au umepaka dawa ya tyubu mgongoni, tuambie, kwa sababu hizo huwalaza askari na kipimo kinasema hakuna kitu kumbe kipo. Titani hatuiamini sana kwenye vibandiko. Kipimo chake hakijatulia.

Hapa kuna jambo linaloniuma, mniruhusu nilikazie. Vitabu vingi vya ngozi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu, wekundu unautafuta wapi? Pumu ya ngozi kwetu huwa rangi ya zambarau iliyoiva, au kijivu, au nyeusi kuliko jirani yake. Ngozi inakuwa ngumu, vinyweleo vinasimama kwenye vidoti vidogo. Mimi nikisoma kibandiko kwenye mgongo wa Mtanzania, nainamisha taa ipige kwa upande, halafu nafumba macho napitisha ncha ya kidole taratibu. Kidole kinafika mahali pa nikeli kinakuta vichuguu vidogo vimejaa maji, wakati jicho halijaona chochote. Kwa hiyo mtu akikuambia hauna aleji kwa sababu haupo mwekundu, mwombe aguse. Hapa Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: tangu mwaka 1992 tuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi, RDTC, pale hospitali ya KCMC, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Wataalamu wanaojua ngozi nyeusi wako karibu na ninyi. Watumieni.

Na kwa kuwa tumeongelea masikio, bibi zangu, wajukuu. Mtoto akitobolewa, hereni ya kwanza iwe dhahabu halisi au titani, na akae nayo hadi kidonda kipone. Aleji ya nikeli huingilia kwenye tundu bichi. Denmark waliweka sheria ya nikeli kwenye mapambo mwaka 1990, na wasichana waliotoboa masikio baada ya sheria hiyo wamepata aleji kwa uchache kuliko mama zao. Hereni ya jalala ya shilingi mia tano kwenye sikio la mtoto ni gharama atakayoilipa akiwa na miaka sitini.

Jambo la tatu. Hapa naomba simu ziwekwe chini.

Mtu ameshawekewa goti. Miezi imepita. Linauma, limevimba, lina joto. Afanye nini?

Nilimpokea mama mmoja kutoka vijiji vya Hai, ameletwa na binti zake wawili. Wamekuja kwangu, kwa daktari wa ngozi, kwa sababu binti anayeishi Dar alisoma kwenye simu kwamba goti likivimba baada ya operesheni ni aleji ya chuma. Walikuwa na mfuko wa vitu. Nikauomba, nikaumwaga mezani. Tyubu nne za dawa za kupaka. Vidonge vya mafua na mwasho. Chupa ya majani yaliyochemshwa. Na pakiti tatu, aina tatu tofauti, za antibiotiki kutoka duka la dawa, hakuna iliyomalizika.

Nikamwomba mama afungue kanga. Kovu lilikuwa limepona vizuri, refu, limenyooka. Isipokuwa mwisho wake wa chini. Pale palikuwa na kipele kimoja, kidogo kama punje ya mtama. Nikauliza, "Mama, hiki kina muda gani?" Akasema, "Hicho si kitu, daktari. Kinatoa maji kidogo, kinakauka, baada ya wiki kinatoa tena." Kwenye upindo wa kanga, mahali panapogusa goti, palikuwa na madoa ya duara, mapya juu ya ya zamani.

Ndugu zangu, ile haikuwa aleji. Kipele juu ya kovu la goti bandia, kinachotoa maji, kikakauka, kikarudi, ni mlango. Upande wa pili wa mlango ni vijidudu vilivyokaa juu ya chuma. Na vijidudu vikishakaa juu ya chuma hujifunika utando ambao vidonge haviupiti. Kila alipomeza antibiotiki nusu dozi, uvimbe ulishuka wiki moja, familia ikashukuru, vijidudu vikaendelea kujenga.

Aliacha dawa zote wiki mbili kwa maelekezo ya daktari wa mifupa, ndipo maji ya goti yakavutwa kwa sindano na kupelekwa maabara. Mnajua kwa nini ilibidi aache? Kwa sababu antibiotiki huwaficha vijidudu. Ukivuta maji huku mtu anameza dawa, maabara inaweza kusema hakuna kitu. Vijidudu viliota. Goti likatolewa lote. Akakaa wiki nyingi na kipande cha simenti ya mifupa chenye dawa ndani, hawezi kukunja mguu, kisha akarudi mezani kuwekewa jingine. Operesheni mbili, pesa za ng'ombe na za binti, kwa jambo ambalo lingekamatwa mapema lingeweza kusafishwa mara moja.

Yeyote aliyewekewa goti na linamsumbua, wa kwanza kutafutwa ni vijidudu. Tafiti za nje zinaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano wanaowekewa goti haridhiki nalo. Mmoja kati ya watano! Aleji, nimewaambia, ni chini ya mmoja kati ya mia. Maambukizi ni mmoja au wawili kati ya mia. Wengine wote wana nini? Wengine kiungo kimelegea, wengine hakikukaa sawasawa, wengine hawakupewa mazoezi goti likakakamaa, wengine maumivu yanatoka mgongoni au nyongani na goti linasingiziwa. Daktari wako anapaswa kupita kwenye orodha hiyo yote, kwa damu, kwa eksirei, kwa sindano, kwa mikono yake, ndipo afike kwenye aleji. Aleji ya chuma inathibitishwa baada ya wengine wote kuondolewa kwenye kesi. Anayekuambia kwa kukuangalia tu mlangoni kwamba ni aleji, na anayekuambia aleji ya chuma haipo duniani, wote wawili usikae nao sana.

Vipele vinavyotokea wiki za kwanza karibu na kidonda, mara nyingi ni plasta, au dawa ya kusafishia, au kitu mlichopaka wenyewe nyumbani. Aleji ya chuma chenyewe, ikiwepo, huja taratibu: pumu ya ngozi juu ya kiungo au hata mwili mzima kwa mtu ambaye hakuwa nayo, kiungo kinachojaa maji ambayo maabara haioni kijidudu, kukakamaa kusikoelezeka, pengine chuma kulegea kabla ya wakati wake. Mtu wa namna hiyo anastahili kusikilizwa, kupimwa, na ikibidi kubadilishiwa. Lakini goti lililoshika vizuri halitolewi kwa kukisia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nijibu maswali mawili yaliyoandikwa kwenye karatasi.

La kwanza ni la kijana: "Niliwekewa chuma cha mguu baada ya ajali ya boda, sasa juu ya kovu kuna pumu ya ngozi isiyopona. Nifanye nini?" Wewe uko pazuri kuliko mwenye goti bandia. Chuma chako kilikuja kushikilia mfupa, na mfupa ukishaunga, daktari akithibitisha kwa eksirei, mara nyingi chuma kinaweza kutolewa. Nimemwona kijana mwenzako ambaye ngozi ilitulia baada ya kutolewa chuma. Ila usikitoe kwa haraka, mfupa ambao haujaunga utavunjika tena. Na kwanza wahakikishe hakuna maambukizi.

La pili ni la mzee: "Niliwekewa nyonga India miaka mingi iliyopita. Nimesikia kuna nyonga zilizoleta sumu. Niogope?" Mzee wangu, ulichosikia kina ukweli. Zilikuwepo nyonga ambazo chuma kilisuguana na chuma bila plastiki katikati. Aina moja, ASR ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni Agosti 2010, wakati watu kama 93,000 duniani walikuwa wameshawekewa. Kobalti nyingi ilivuja, nyama za kuzunguka nyonga zikaharibika, na kwa wachache ilifika hata kwenye moyo, macho na masikio. Hiyo ni zaidi ya aleji. Ni madini kuzidi mwilini, na hupimwa kwenye damu. Wewe hujui umewekewa aina gani, na huo ndio ugumu wenyewe. Boksi la kila kipandikizi huja na stika zenye jina, namba na madini yake, na stika hizo hubandikwa kwenye faili. Mwambie mwanao aandike barua pepe kwa hospitali ile, aombe nakala ya ukurasa wa stika na ripoti ya operesheni. Huku nyuma nenda ukapige eksirei, daktari wa mifupa anaweza kutambua mengi kwa kuangalia umbo. Na ninyi ambao bado hamjawekewa, siku mnaruhusiwa kutoka wodini, msiondoke bila kupiga picha ya stika hizo kwa simu, na mwitume kwa watoto wawili, si mmoja.

Waliobaki na maswali nitakuwa pale kwenye viti vya nyuma hadi saa nane. Mje na kadi zenu za kliniki, na mwenye mfuko wa dawa nyumbani na anaishi karibu, aagize uletwe.